Maji ya Chini ya Ardhi katika Historia ya Migodi ya Walikale na Masisi

Katika nchi nyingi za baridi nyumba huwa na chumba kilichochimbwa chini ya usawa wa ardhi, na fundi anayekijenga hujua tangu siku ya kwanza kwamba adui wake si uzito wa nyumba bali ni maji. Katika Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu ya Kaskazini, nyumba za namna hiyo ni nadra mno. Nyumba ya kijijini husimama juu ya ardhi, kwa miti na udongo au kwa mbao, na mwenye uwezo huiwekea msingi wa mawe. Maji ya mvua hufukuzwa kwa paa linalotokeza nje ya ukuta na kwa mfereji mdogo unaozunguka nyumba, ambao wenyeji huuita rigoli kwa neno waliloachiwa na Kifaransa. Ujenzi huo hauhitaji elimu kubwa ya maji yaliyo chini.

Hata hivyo watu wa wilaya hizi wameingia ardhini kuliko mjenzi yeyote wa vyumba vya chini. Wamefanya hivyo katika mashimo ya madini, na humo wamekutana na maji yale yale yanayomsumbua fundi wa mjini, tena kwa kina kikubwa zaidi na kwa vyombo duni zaidi. Waandishi wengi wamekwisha kueleza habari za migodi hii kwa kuhesabu magunia, ushuru na majeshi. Hesabu hizo ni za lazima. Lakini liko swali ambalo aghalabu halipewi nafasi yake: maji yaliyokuwa yakiingia shimoni yalitolewa na nani, kwa chombo cha nani, na kwa gharama ya nani? Makala haya yanashikilia kwamba pasipo swali hilo haieleweki vema ni kwa nini mtu mmoja aliitwa mwenye shimo na wengine mia wakaitwa wachimbaji tu.

Kwanza inafaa ieleweke jinsi maji hayo yanavyokaa. Mvua inaponyesha, sehemu hutiririka juu ya ardhi na sehemu huzama. Ile inayozama hushuka kupitia udongo na nyufa za mwamba mpaka ifike mahali ambapo kila upenyo umekwisha kujaa. Upande wa juu wa tabaka hilo lililojaa ndio kima cha maji ya chini. Kima hicho hakilali sawasawa kama ziwa. Hupanda chini ya mlima na kushuka kuelekea bondeni, na pale kinapokutana na uso wa ardhi chemchemi hutokea. Kisima ni shimo lililochimbwa kupita kima hicho kwa makusudi. Shimo la madini likipita kima hicho huwa kisima bila ya mchimbaji kutaka.

Fundi wa nyumba ana njia tatu za kujihami: kuchagua mahali pakavu, kuyaondoa maji kabla hayajafika ukutani, au kuuziba ukuta wenyewe. Mafundi wa pwani ya Uswahilini waliijua sana njia ya tatu, kwani walipaka chokaa ndani ya birika zao hata zikashika maji. Huko lakini shabaha ilikuwa maji yasitoke. Mchimbaji hawezi kuchagua mahali, maana madini yamekwisha kumchagulia. Wala hawezi kuziba mwamba anaouvunja kila siku. Imembakia njia ya pili peke yake, na njia hiyo haina mwisho: maji yaliyotolewa leo yatarudi kesho.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 tatizo hili halikuonekana sana. Kampuni za Kibelgiji zilizoingia Kivu na Maniema, kama vile Minière des Grands Lacs iliyoundwa mwaka 1923 na Symétain ya mwaka 1932, zilichimba zaidi katika changarawe za mito na katika udongo wa miteremko. Kasiteriti, ambayo ndiyo mawe yanayotoa bati, ni nzito sana. Uzito wake ni karibu mara saba ya uzito wa maji ya kiasi kile kile. Kwa hiyo ukiielekezea maji yanayotiririka, mchanga huondoka na mawe hayo mazito hubaki. Kazi kubwa ya wahandisi wa zama hizo ilikuwa kuyaleta maji. Walichimba mifereji kandokando ya vilima, wakazuia vijito, wakajenga mabomba ya mbao ya kuoshea. Maji yalikuwa chombo cha kazi, sawa na sepeto.

Mwaka 1976 kampuni hizo ziliunganishwa zikawa SOMINKI, ambamo dola ya Zaire ilikuwa na asilimia 28 ya hisa. Mwezi wa Oktoba 1985 soko la dunia la bati lilianguka baada ya Baraza la Kimataifa la Bati kuishiwa fedha za kutegemeza bei. SOMINKI haikupata tena nguvu, na katika miaka ya 1990 ilifutwa. Wafanyakazi wake na jamaa zao waliendelea kuchimba kwa mikono. Waliyokuwa wakiyajua ni maarifa ya mtoni: kuosha, kuchekecha, kuelekeza mfereji. Maarifa ya kwenda chini ndani ya mwamba mgumu hayakuwa urithi wao.

Ndipo ilipokuja Bisie. Mlima huo uko msituni, yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Walikale mjini, na husimuliwa kwamba mwindaji ndiye aliyeyatambua mawe yake mwaka 2002. Homa ya koltani ya mwaka 2000 ilikuwa imekwisha kupoa, na bei ya bati ilianza kupanda, hasa mwaka 2004. Katika muda mfupi maelfu ya watu walikusanyika mlimani, na kijiji chao cha Manoire kikawa na maduka na makanisa. Bisie ikawa chemchemi kubwa ya kasiteriti kuliko zote katika Kivu ya Kaskazini. Hapakuwa na barabara. Mchele, chumvi, nyundo na mafuta vilifika kwa migongo ya wapagazi waliotembea kilomita kadha wa kadha msituni kutoka barabara kuu, na mawe yaliondoka kwa migongo ile ile, kilo 50 kwa gunia.

Mwanzoni mawe yaliokotwa karibu na juu. Baadaye wachimbaji wakaufuata mshipa wa madini ndani ya mwamba kwa nyundo na tindo, na huko maji yakawangojea. Maadamu walikuwa juu mlimani, mlima wenyewe uliwasaidia. Ujia unaochimbwa kutoka ubavuni mwa mlima, ukiinuliwa kidogo kadiri unavyoingia, hujimwaga wenyewe. Maji hutoka mlangoni bila ya mtu kuyabeba. Hii ndiyo hekima ya zamani kuliko zote katika uchimbaji. Huko Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, ambako bati ilichimbwa kwa karne nyingi, wenye migodi walianza mwaka 1748 kuchimba njia moja ndefu ya namna hiyo, ambayo hatimaye iliunganisha na kukausha makumi ya migodi. Lakini njia ya kujimwaga ina mpaka wake. Mshipa ukishuka chini ya mlango, maji hayatapanda kwa hiari yake.

Hapo ndipo zilipoingia ndoo, bidoni na, kwa mwenye mtaji, motopompa. Pampu hizo hazikuundwa kwa ajili ya mashimo marefu. Pampu inayovuta maji kutoka juu haiyavuti kwa nguvu yake. Hupunguza hewa katika mpira wake, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Torricelli alilionyesha jambo hili katika miaka ya 1640: uzito wa hewa hauwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi. Mlimani, ambako hewa ni nyepesi zaidi, kadiri hiyo hupungua, na mashine ya kawaida yenye mpira wenye matundu haifikii hata hapo. Kwa hiyo mwenye shimo la mita 30 akiiweka motopompa yake mdomoni mwa shimo ataisikia ikinguruma bila ya kutoa tone.

Suluhisho la haraka ni kuishusha mashine ndani. Na suluhisho hilo ni hatari kuliko maji. Injini ya petroli hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Ndani ya ujia usiopitisha upepo, mtu hulegea, hulala, na hafi kwa kelele. Anayeshuka kumwokoa naye hulala kando yake. Asiyejua sababu huweza kusema kwamba shimo limewameza, au kwamba mlima umedai haki yake, na si haki kuwacheka wasemao hivyo. Kile kilichowaua wenzao hakionekani. Njia salama ni pampu inayozamishwa majini na kuendeshwa kwa umeme, huku jenereta ikibaki nje. Lakini waya, jenereta na mafuta yake vilipaswa kubebwa msituni pamoja na chumvi na mchele, na bei ya kila kitu ilipanda kwa kila saa ya mwendo.

Katika hali hiyo cheo cha PDG chapata maana yake. Herufi hizo, ambazo kwa Kifaransa ni cheo cha mkuu wa kampuni, ndizo alizoitwa mwenye shimo huko Bisie. Mtaalamu wa lugha hataacha kuona mzaha uliomo: cheo cha ofisi ya ghorofani kimeshuka kikavaa tope. Lakini neno halikuwa mzaha mtupu. PDG aliwalisha wachimbaji kwa miezi ambayo shimo halikutoa kitu, alinunua vyombo, alilipia ruhusa na kodi za kila namna, na aliyatoa maji. Madini yalipopatikana, gharama zilikatwa kwanza ndipo mafungu yakagawiwa. Maana yake ni kwamba lita ya petroli iliyokwisha kutoa maji ilikwisha kulipwa na mchimbaji kabla hajaiona sehemu yake. Aidha PDG mwenyewe aghalabu alikuwa amekopa kwa mfanyabiashara wa Goma au Walikale, ambaye alijilipa kwa kupanga bei. Maji yalikuwa deni lililopita mikono mingi na kuishia kwa yule aliyekuwa amesimama ndani yake.

Si ajabu ya Walikale peke yake. Mashine ya mvuke, ambayo vitabu vya shule huihusisha na viwanda vya nguo na reli, iliundwa kwanza kwa ajili ya kutoa maji migodini. Ile ya Newcomen ilianza kazi mwaka 1712 katika mgodi wa makaa. James Watt na mwenzake Boulton walipoitengeneza iliyo bora, hawakuwauzia wenye migodi wa Cornwall mashine tu: walidai thuluthi ya thamani ya makaa yaliyookolewa kwa kuitumia. Malipo hayo yalizua ugomvi mrefu. Wenye migodi waliona kwamba wanamlipa mtu kwa sababu ya maji, tena kila mwaka. Tofauti na Bisie ni kwamba katika Cornwall wenye mali waligombana mahakamani kwa wino na karatasi, na ugomvi wao ukaachia wanahistoria kumbukumbu tele. Deni la maji la Bisie liliandikwa katika madaftari ya wenye mashimo, ambayo hakuna aliyeyahifadhi.

Tangu mwaka 2006 hivi hadi 2009 mlima ulikuwa mikononi mwa kikosi cha 85 cha jeshi la taifa, kikosi ambacho hakikuwa kimechanganywa na majeshi mengine kama ilivyoagizwa. Ubishi juu ya haki ya ardhi kati ya koo za wenyeji, na kati ya kampuni mbili zilizodai mlima huo huo, uliendelea juu ya vichwa vya wachimbaji. Mwezi wa Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, na marufuku hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Mengi yamesemwa kuhusu njaa iliyofuata na kuhusu askari waliojifaidia kizani. Jambo moja halikusemwa, pengine kwa kuwa ni la kawaida mno kwa anayelijua: shimo lililo chini ya kima cha maji halingoji. Shamba likiachwa miezi sita huota magugu, na magugu hufyekwa. Shimo likiachwa miezi sita hujaa, miti inayoegemeza dari hulowa na kuoza, udongo wa nyufani hulainika, na atakayerudi hana budi kulipia upya maji yote. Mwenye akiba alirudi akiwa na pampu. Asiye na akiba alirudi kuwa kibarua katika shimo lililokuwa lake.

Masisi ina habari nyingine. Huko Rubaya, koltani imo katika mwamba wa pegmatiti uliooza ukawa laini, na vilima vyake vilikwisha kupoteza misitu kwa ajili ya malisho na mashamba. Sepeto hutosha mahali pengi ambapo Bisie ilihitaji tindo. Maji yanayoua Rubaya hayapandi kutoka chini. Hushuka kutoka juu. Mvua huzama katika udongo uliokwisha kutobolewa na mamia ya mashimo, uzito wa kilima huongezeka, na mshikamano wa chembe zake hupungua, mpaka mteremko uteleze pamoja na waliomo. Mifereji ya kuoshea inayopitishwa juu ya mashimo huzidisha hatari hiyo, kwa kuwa maji yake yanayovuja hunywewa na kilima kile kile. Hapa rigoli ya nyumbani ingefaa kuliko pampu: mfereji uliochimbwa juu ya machimbo, uyakate maji ya mteremko na kuyapeleka bondeni. Kazi hiyo si ghali. Ila mfereji wa namna hiyo hauwi wa mtu mmoja. Unalinda mashimo ya watu wote, kwa hiyo kila mwenye shimo humngoja mwenzake auchimbe. Kampuni ya SMB na chama cha ushirika COOPERAMMA walifikia mapatano ya kazi mwaka 2013, wakazozana juu yake kwa miaka, na tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa M23. Maporomoko hayakukoma chini ya bwana yeyote.

Huko Bisie bwana alibadilika kwa namna nyingine. Kampuni ya Alphamin ilifungua barabara hadi mlimani, ikachimba njia ya mteremko ambayo magari huingia nayo ardhini, na ikaanza kutoa bati mwaka 2019. Mwaka 2024 ilitoa tani 17,324, kiasi ambacho ni sehemu inayoonekana ya bati yote ya dunia. Katika mgodi wa namna hiyo maji hukusanywa katika mabwawa madogo chini kwa chini na kusukumwa ngazi kwa ngazi hadi nje. Pampu inayosukuma kutoka chini haifungwi na mpaka wa Torricelli; inachohitaji ni umeme usiokatika na watu wa kuiangalia. Mwezi wa Machi 2025, M23 walipokaribia na kisha kuingia Walikale mjini, kampuni ilisimamisha kazi na kuwaondoa watu wake, ikawabakisha wachache wa kuulinda na kuutunza mgodi. Mwezi wa Aprili, baada ya M23 kurudi nyuma, kazi ilianza tena kidogo kidogo. Kwa msomaji wa magazeti neno kutunza huenda lilipita bila ya kutambuliwa. Kwa mgodi wa chini ya ardhi, neno hilo lina maana ya pampu kwanza. South Crofty, mgodi wa mwisho wa bati wa Cornwall, ulizimiwa pampu baada ya kufungwa mwaka 1998 ukajaa maji. Kazi ya kuukausha ilianza mwaka 2023, robo karne baadaye.

Limebaki jambo la mashimo ya zamani, yale ya PDG na nyundo. Shimo lililoachwa likajaa halitoweki. Huwa birika ndani ya mlima. Anayechimba jirani bila ya kujua lilipo huweza kulitoboa ubavuni. Huko Lofthouse, Uingereza, tarehe 21 Machi 1973, wachimbaji wa makaa walitoboa machimbo ya karne iliyotangulia yaliyojaa maji, na watu saba wakafa. Huko Quecreek, Marekani, mwezi wa Julai 2002, watu tisa walifungiwa na maji ya mgodi wa jirani kwa sababu ramani waliyopewa haikuwa ile ya mwisho. Waliokolewa baada ya saa 77. Nchi hizo zilikuwa na ramani, ingawa mbovu.

Wachimbaji wadogo wa Walikale hawakuchora. Waliyapa mashimo yao majina, wakajua kwa miguu na mabega yao lipi lilipinda kushoto, lipi lilikutana na la jirani, lipi liliachwa kwa sababu ya maji na kwa kina gani. Maarifa hayo yamo katika Kiswahili chao, kilichochanganyika na Kifaransa na lugha za msituni, na yamo vichwani mwa watu waliotawanyika tangu mlima ulipofungwa kwao: Goma, Bukavu, Kisangani, Rubaya kwenyewe. Wengi waliokuwa vijana wa miaka 20 mwaka 2002 wamekwisha kupita miaka 40. Majina ya mashimo, mpangilio wake na habari ya maji ya kila moja vinaweza kukusanywa kwa daftari na mahojiano, kazi ambayo wanafunzi wa historia na wa isimu wa vyuo vya Kivu wana uwezo nayo, na ambayo mhandisi asiyejua lugha hataifanya.